Jicho Langu, Droni ya Kikundi na Nyangeta

Igogo, Mwanza

Dada yangu Nyanjura,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili hii hapa ni ya Baba Mafuru, ameniambia niiandike kabisa nisije nikaisahau, maana yeye na kalamu hawajawahi kupatana. Mama naye mwambie mwanae Nyabise amempigia goti. Nimepiga kweli, si maneno, kwa sababu naandikia juu ya kigoda na hapa nilipo niko chini sakafuni.

Goti lake linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma nayo dereva wa basi ilifika au dereva kajichua mwenyewe? Mihogo mmeshaivuna? Yule ng'ombe mwekundu kazaa? Na mke wa Masatu karudi kwa mume wake au bado yuko kwao? Hilo la mwisho usiache kunijibu dada, nimekaa nalo kooni kama mwiba.

Sisi huku wazima. Baba Mafuru bado yuko na injini zake za boti, akirudi ananuka petroli mpaka kuku wanamkimbia. Watoto wanakula kama wamefungwa mwaka mzima.

Utashangaa nimeandika barua na simu zipo. Dada, simu yako wewe unaweka spika. Nimekuambia nini juzi? Nakueleza taratibu habari za mke wa Masatu, mara nasikia, "Nakusikia Nyabise, endelea tu." Mama mkwe wake! Kakaa hapo na wewe mnachambua mboga! Nilikata simu nikaenda kunywa maji. Sasa hii nataka uisome mwenyewe, ndani, umefunga mlango. Halafu mama umsomee salamu na mambo ya droni, atacheka. Ya jicho ruka. Nina haraka nayo kwa sababu Nyangeta anakuja huko kwa Krismasi, na nataka maneno yangu yafike Majita kabla ya yake.

Ndiyo, Nyangeta. Huyo huyo wa kwa mzee Manyama, tuliyechota naye maji kisima kimoja mpaka tukaolewa. Kaa vizuri nikueleze.

Kikundi chetu unakijua, wale akina mama kumi na wawili tulioanza na kuanika dagaa. Siku hizi tuna vizimba viwili vya sato. Kizimba ni kama banda la kuku ila limo ndani ya ziwa, pembeni wavu, chini wavu, na juu wavu wa kuzuia wale ndege mnandi wasije wakala samaki. Sasa kila asubuhi lazima mtu aende na boti aone kama wavu umechanika, kama kuna samaki wamekufa wanaelea. Mafuta yanaisha, mgongo unauma, na boti ikifika kwa kelele samaki wanaogopa, siku hiyo hawali. Ndiyo ukaja mradi ukatuletea droni. Ni kama sinia la chai hivi, ina mapanga manne juu na kamera tumboni. Ukisimama ufukweni unaipeleka mpaka kwenye kizimba, unaangalia kila kitu kwenye kioo, miguu yako mikavu.

Aliyekuja kutufundisha ni kijana wa kutoka Dar, Mwalimu Denis, mpole, mwembamba, anatuita mama zangu. Siku ya kwanza kaiweka mchangani, kaiwasha, ikaanza kunguruma kama nyuki, ikapanda. Dada, haijafika hata usawa wa paa, Mama Koku, mwenyekiti wetu mwenyewe, Mhaya yule mwenye heshima zake, kaokota jiwe. Swaa! Na sisi wengine tukaokota. Wala hatukupanga! Mikono yetu miaka yote hii kazi yake ni kufukuza mwewe kwenye dagaa, sasa kitu kikipita juu ya kichwa mkono unaondoka wenyewe. Mwalimu Denis anakimbia huku na huku na rimoti yake, "Jamani mama zangu! Jamani! Mnaua mradi!" Jiwe la Nyangeta ndilo lililoipata, kwenye mguu. Tulicheka mpaka Mama Koku akakaa chini.

Basi tukaanza. Kule nchi kavu ni rahisi, ina macho yake madogo chini ya tumbo, inatazama ardhi inajishika yenyewe. Ukiachia vijiti inasimama hapo hapo juu, tii, kama imetundikwa. Tukasema kumbe kazi ndogo. Kuifikisha juu ya maji, balaa. Yale macho yake yanatazama mawimbi, mawimbi yanatembea, nayo inadhani ni yenyewe inayotembea, basi inaanza kuyafuata. Mama mmoja kaachia vijiti vizuri kabisa kama alivyofundishwa, droni ikaanza kuondoka zake taratibu kama mlevi anayefuata ngoma ya jirani. Mwalimu kamnyang'anya rimoti ikiwa imebaki shubiri moja iingie majini.

Akasema, "Hapa kwenu lazima mjue kuirusha kwa mkono." Yaani unaizimia ule msaada wake wote. Haijishiki tena. Kinachoishika ni wewe na vidole gumba vyako viwili.

Dada, kuirusha haraka hata mtoto anaweza. Kuisimamisha sehemu moja ndiyo shughuli. Ukiachia inakwenda na upepo kama mtumbwi uliokatika kamba. Ukiona imekwenda kushoto unaisukuma kulia, inapita, unairudisha kushoto, inapita zaidi, mwisho inakuwa bembea na wewe mwenyewe unayumba nayo, kiuno huku kiuno kule, wenzako wanakuimbia. Mwalimu anasema, "Msiifukuze. Ukiona imeshaenda umechelewa. Iambie kabla haijaenda, na uiambie kidogo."

Alitupindulia karai mchangani, akasema droni ikae juu ya karai usawa wa kifua, dakika moja, isitoke nje ya karai. Wiki ya kwanza hakuna aliyefika hata kuhesabu kumi. Mimi usiku nalala vidole vinacheza. Baba Mafuru akaniuliza, "Unanifinya nini?" Nikamwambia nakushikilia usiondoke na upepo.

Halafu siku moja nikakumbuka ungo. Unakumbuka ulivyonifundisha kupepeta uwele? Mimi natupa kwa mabega, uwele wote chini na kuku wanafurahi, wewe ukanipiga kofi la mkono, "Siyo bega, kiganja! Tikisa usirushe!" Nikasema ngoja. Nikalegeza mabega, nikaacha vidole vitikise tu, kidogo kidogo kama pumba inavyotoka. Dada, ikatulia. Ikakaa juu ya karai pale inanguruma, nikahesabu mpaka thelathini na nne. Mwalimu Denis kapiga makofi. "Mama Mafuru! Hayo ndiyo mambo!" Mimi niliyeacha shule darasa la nne. Mimi wanayeniita Redio. Siku hiyo nilitembea kutoka mwaloni, pale ufukweni tunapoanika dagaa, mpaka nyumbani nasalimia hata wasionijua.

Tangu hapo mimi na Nyangeta tukawa tunaenda mazoezini wawili kila alfajiri, kiwanja cha kanisa, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Mama Koku alitupa ruhusa kuichukua kwa sababu tulikuwa tunaongoza. Yeye alikuwa haraka kushika mambo ya kwenye kioo, anasoma vizuri, unajua alifika la saba. Mimi vidole. Basi mimi namfundisha kutulia, yeye ananisomea maandishi. Chai tunakunywa kikombe kimoja.

Kilichomshinda yeye ni uso. Nikueleze. Droni ikikupa mgongo, kulia kwako ndiyo kulia kwake, hamna shida. Ikigeuka ikakutazama, kila kitu kinapinduka, kama unavyomfunga mtoto vifungo mkitazamana. Unasukuma kulia, yenyewe inakwenda kushoto, unashtuka, unasukuma zaidi, inakimbia. Mwalimu alituambia dawa yake, "Ikikutazama, angalia bawa linaloshuka, sukuma kijiti upande huo huo, kama unaweka mkono chini yake isianguke." Bawa ndiyo ule mkono wake wenye panga. Mimi nikaishika. Nyangeta alikuwa akiona uso tu anapiga kelele, "Shika Nyabise, shika!" ananirushia rimoti, namalizia mimi. Kwa hiyo uso kila siku ukawa wangu.

Sasa jicho. Mama usimsomee.

Jicho langu la kushoto, tangu mwaka jana, linaona mvuke. Karibu hakuna neno, naona, nashona, nachambua mchele. Mbali ndiyo kazi, mvuke wake unalifunika hata la kulia. Ile droni tuliibandika mkanda mwekundu nyuma, ili ikiwa mbali ujue mgongo ni upi. Mimi ikifika hatua hamsini mkanda siuoni. Naona kitu cheusi tu hewani, sijui kinanitazama au kimenipa mgongo. Nikajitafutia njia. Naigusa kulia kidogo, kama unavyomgusa mtu bega. Ikienda kulia, imenipa mgongo. Ikienda kushoto, inanitazama. Kuguswa tu kidogo, na mlio nausikiliza, najua ilipo. Wala hakuna aliyeona.

Nyangeta akaona. Asubuhi moja akaniuliza, "Mwenzangu, mbona kila mara unaichokoza kulia kabla ya kuirudisha?"

Ningeweza kumdanganya. Maneno mimi ninayo, Mungu hakuninyima. Lakini Nyangeta! Nikamwambia, "Jicho langu moja linaona kama mvuke wa uji. Mkanda siuoni. Usimwambie mtu mpaka mtihani upite, nikishapata nitakwenda hospitali."

Akaniwekea mkono begani. "Nimwambie nani mimi? Jicho lako ni langu."

Ndivyo alivyosema, dada. Jicho lako ni langu.

Maana mtihani ulikuwa umekaribia. Mradi ulisema kikundi kitoe rubani mmoja, mmoja tu, huyo ndiye ataandikwa jina, atapelekwa kufanyiwa kibali, na kila asubuhi vizimba vitakuwa mkononi mwake. Nilikuwa naitaka nafasi ile, sitakuficha. Nimekaa mjini huku miaka kumi na minane, nimeanika dagaa, nimeuza vitumbua, nimefua nguo za watu, na hakuna hata siku moja mtu amesema kazi hii mwiteni Nyabise ndiye anayeiweza. Hii nilikuwa naiweza. Nyangeta alijua naitaka. Mimi sikujua kama na yeye anaitaka.

Ijumaa ya mtihani tukakusanyika mwaloni. Nimevaa gauni langu la kitenge cha bluu. Mama Koku akasimama, akakohoa kile kikohozi chake cha mkutano.

"Kabla hatujaanza kuna jambo dogo la afya. Nyabise, mwenzetu, tumesikia jicho lako haliko sawa. Tumesikia linaona mvuke. Mvuke kama wa uji."

Dada! Maneno yangu yale yale! Nimeyasema mara moja tu tangu nizaliwe, kwa mtu mmoja.

Nikasema, "Nani kasema?"

"Aliyesema kasema kwa nia njema."

"Hiyo nia njema haina jina?"

Nikamtazama Nyangeta. Anafungua fundo la kanga yake, analifunga, analifungua.

Mwalimu Denis wa watu hakupenda, nilimwona. Akasema lazima apime. Akaipeleka droni mbali, akaisimamisha, akaniambia nifunike jicho la kulia. "Mkanda uko upande gani, mama?" Nikasema siuoni. Akaniambia nifunue yote mawili. "Sasa?" Nikabahatisha, nikakosa. Akasema, "Mama Mafuru, nisamehe sana. Anayeirusha lazima ajue inatazama wapi kwa macho, muda wote. Akipita mtu chini yake ikamwangukia, tutasema nini?"

Nikakosa neno. Mimi! Mama mmoja nyuma akanong'ona, "Redio imeisha betri," wenzake wakamkanyaga mguu.

Nikamwambia mwalimu sawa, nafasi nimeiacha, ila zamu yangu ya karai naomba uniachie, si nimekuja nimevaa? Akanitazama, akanipa rimoti. Karibu naona, dada, karibu sina shida na mtu. Nikaizimia msaada wake, nikaipandisha, nikaigeuza ikanitazama usoni. Upepo ulikuwa umeshaanza, maana walipoteza muda na mkutano wao. Ikataka kwenda, nikaiambia kabla. Ikataka tena, nikaiambia. Mwalimu anahesabu kwenye simu yake, "Arobaini... hamsini... sitini!" haijatoka nje ya karai hata mguu mmoja. Halafu nikaizungusha karai polepole, mwendo wa bibi anayetoka kanisani, nikaishusha mchangani haikuinua vumbi. Mama Koku kapiga kigelegele mpaka nusu, ndipo akakumbuka yeye ni mwenyekiti.

Wakamwandika Nyangeta.

Alinifuata nyuma ya mabanda ya dagaa, mikono kaitanua kama tunakutana stendi. "Shoga yangu usinielewe vibaya. Nimefanya kwa ajili yako. Ungekuja kumuumiza mtu, ukafungwa."

"Ungeniambia mimi."

"Ungekataa."

"Basi ungeniambia kwanza nikatae!"

Akaanza kulia. Nikamwacha na kilio chake nikaenda kupanda kilima nyumbani, na njia nzima sikusalimia mtu.

Dada, nataka unielewe hapa. Kuhusu jicho alisema kweli. Nimekaa, nimefikiri, nimekubali, kitu kile kina mapanga, kingeweza kumkata mtoto wa mtu na mimi nimesimama nabahatisha. Angesimama mbele yangu aniambie, "Nyabise hufai, nami nafasi naitaka," tungegombana wiki mbili, tungetukanana mpaka majirani watoe viti, halafu ningemfundisha uso mwenyewe. Lakini alikunywa chai yangu Jumatano. Alhamisi kaenda kwa Mama Koku. Ijumaa asubuhi kanipitia nyumbani twende wote, akanisifia na gauni.

Najua utasema Nyabise nawe mdomo wako. Ni kweli. Mimi nimetangaza mimba ya watu kabla wenyewe hawajaijua. Lakini kuna jambo la Nyangeta, kubwa, tangu tuko wasichana huko, ninalo tumboni mpaka leo. Wewe dada yangu wa tumbo moja hulijui, na hata leo nimekasirika hivi hutalijua.

Na jina nalo lilivyonitesa! Si unajua mwanangu wa mwisho nilimpa jina lake. Kutwa nzima, "Nyangeta leta maji, Nyangeta funga mlango," mdomo mchungu kama nimetafuna kwinini. Baba Mafuru akanishauri, "Basi muite Mdogo." Nikamuita Mdogo. Nikamuita tena. Kakunja uso, "Mimi siitwi hivyo, mama. Mimi Nyangeta." Nikamkumbatia, nikaacha. Mtoto kosa lake nini.

Baba Mafuru ndiye aliyenipeleka hospitali, aliacha injini ya mtu imefunguliwa. Daktari ametazama kasema ni mtoto wa jicho, wanaweza kumtoa, wameniandikia siku. Kwa hiyo mama asihangaike, na wewe usihangaike. Nilimuuliza Mama Koku jicho likipona itakuwaje. Akasema jina limeshapelekwa, limeshapelekwa.

Haya. Sasa sikiliza kilichofuata, ndiyo maana nimeandika yote haya.

Wiki ya tatu Nyangeta kaipeleka droni kizimbani, mimi niko mbali najifanya nageuza dagaa. Kwenda ilikwenda vizuri. Kurudi ikamgeukia. Nilijua kwa mlio kabla ya kuona. Ikayumba, ikakimbia, ikaingia kwenye ule wavu wa juu wa mnandi, mapanga yakajifunga. Walikwenda na boti kuitoa. Haikufa, ila wavu ulitoboka, na kabla hawajaushona mnandi walishakula. Hao samaki ni wa kumi na wawili dada, na mimi ni mmoja wao. Siku ile hakuna aliyemsema. Wote walinitazama mimi.

Kesho yake mchana niko uani naparua sato, nasikia hodi. Kasimama mlangoni na begi la droni mgongoni, kakonda.

"Nifundishe uso," akasema.

Baba Mafuru alikuwa ndani. Akatoa kichwa, akaona ni nani, akarudisha kichwa.

Nikamaliza samaki niliyemshika. Nikanawa mikono. Nikavaa viatu. Tukaenda kiwanja cha kanisa, yeye mbele mimi nyuma, nikapindua karai.

Saa nzima, dada. Nilisimama nyuma yake kama alivyokuwa Mwalimu Denis, na maneno niliyosema yanaingia kwenye kiganja. Polepole. Bawa. Usiifukuze. Bawa tena. Basi. Yeye ndiye aliyekuwa anaongea! "Nyabise, niseme basi. Nitukane. Unakumbuka siku ya mawe? Nyabise, mume wangu hanisemeshi, kanikasirikia kwa ajili yako. Nyabise?" Mimi, bawa. Unanijua tangu nazaliwa, unajua kukaa kimya kwangu ni kazi kuliko kubeba gunia. Niliibeba hiyo kazi.

Mwisho ikamkubali. Ikamgeukia uso, ikataka kukimbia, akaiwekea mkono chini ya bawa, ikatulia. Ikakaa pale inanguruma juu ya karai, haiendi huku haiendi kule. Akageuza shingo kunitazama, anacheka machozi yanamtoka, uso wake ule ule wa kisimani, anasubiri niseme.

Rimoti ikaanza kulia tii tii.

Nikamwambia, "Betri." Nikachukua karai langu nikaenda nyumbani.

Siku hizi anaipeleka vizuri. Wavu umeshonwa. Tukikutana mwaloni tunasalimiana, habari za asubuhi, nzuri, basi. Sijui itakuwa hivi mpaka lini. Asubuhi namsikia anavyoirusha, na akikosea kidogo vidole vyangu vinamsahihisha ndani ya dagaa.

Nisalimie mama, umwambie kwa Krismasi sitakuja kwa sababu ya kazi, usitaje hospitali. Nisalimie shemeji, baba wa nyumba yako. Nisalimie kaka yetu mkubwa na wake zake wote wawili kila mmoja kwa zamu yake wasije wakagombana. Nisalimie mjomba mwenye mtumbwi, na mama mchungaji, na yule mama yake Masatu mwambie nilikuwa natania. Nimekufungia dagaa kilo mbili hapo, ukimgawia jirani usimwambie zilikuwa ngapi.

Nyangeta akifika mkaribishe, ni mtoto wa hapo. Mpikie ugali wa muhogo na samaki mbichi, huku anaulilia. Usimuulize kitu. Akikuuliza, "Nyabise ameandika nini?", maana atakuuliza, mwambie ameandika habari za samaki.

Mimi mdogo wako, nikiwa bado chini hapa na goti limekufa ganzi,

Nyabise, mama Mafuru